Ne me quitte pas ya Jacques Brel: huu wimbo mnaouweka status, mnajua huyu bwana anasema nini?

Mzee wa Kaseti (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kila mwezi wa pili ukiingia huu wimbo unarudi kwenye status za watu. Picha ya waridi, moyo mwekundu, na chini yake "Ne me quitte pas". Sasa juzi kati kwenye kamati ya harusi moja kuna mjumbe kataka upigwe wakati maharusi wanaingia ukumbini. Nikamuuliza, unaujua unasemaje? Akanijibu, "Si mambo ya mahaba ya Kifaransa tu." Nikaona hapa pana kazi, tuukalie kitako.

Kwa wasioufahamu: mwenye wimbo ni Jacques Brel. Wengi wanamwita Mfaransa, lakini ni Mbelgiji, kazaliwa Schaerbeek, Brussels, tarehe 8 Aprili 1929. Wimbo kaurekodi 1959 na ukatoka kwenye albamu yake ya La Valse à mille temps. Kichwa chake maana yake ni "Usiniache", na hapo ndipo wengi wetu tunapoishia. Kiitikio kinaingia kichwani, beti hazisikilizwi. Mimi Kifaransa changu ni cha KLF, ule mchepuo wa sekondari wa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, kikanolewa baadaye kwa kuishi na Warundi, kwa hiyo nitakapoteleza mnirekebishe.

Nawapitisha ubeti kwa ubeti kwa maneno yangu.

Ubeti wa kwanza anaanza kwa kusema imewapasa kusahau. Yote yanasahaulika. Wasahau nyakati za kutoelewana, wasahau na muda waliopoteza. Halafu anatoa picha moja kali sana: kulikuwa na saa ambazo ziliuua moyo wa furaha kwa mapigo ya "kwa nini". Yaani maswali ndiyo ngumi. Kwa nini umechelewa, kwa nini hukusema, kwa nini unaondoka tena. Wimbo hautaji nani alikuwa anauliza. Ila tafakari mwenyewe: katika nyumba yenye ugomvi, nani huchoshwa na "kwa nini", anayeuliza au anayetakiwa kujibu?

Ubeti wa pili zinaanza ahadi. Atamletea lulu za mvua kutoka nchi ambako mvua hainyeshi. Atachimba ardhi mpaka baada ya kufa kwake ili aufunike mwili wa huyo mwanamke kwa dhahabu na nuru. Atamjengea himaya ambayo mapenzi ndiyo mfalme, mapenzi ndiyo sheria, na yeye malkia. Ni pazuri, sikatai. Muziki nao hapo unafunguka. Ile sauti ya "Moi je t'offrirai" imechukuliwa kwa mtunzi Liszt, kwenye Rapsodi ya Kihungari namba 6, wenye masikio ya piano wataitambua. Lakini hebu orodhesha hizo ahadi kama unavyoorodhesha vitu vya mahari. Lulu za nchi isiyo na mvua. Dhahabu itakayochimbwa na marehemu. Hakuna hata moja inayoweza kuletwa kesho asubuhi.

Ubeti wa tatu atamtungia maneno yasiyo na akili ambayo ni yeye tu atakayeyaelewa. Atamsimulia habari za wapenzi ambao mioyo yao iliwaka mara mbili. Atamsimulia na habari ya mfalme aliyekufa kwa sababu hakubahatika kukutana naye. Hapo bwana kaishiwa mali, kahamia kwenye hadithi.

Ubeti wa nne anageuka wakili, analeta ushahidi. Si imeonekana moto kuruka upya kutoka volkano ya zamani iliyodhaniwa imezeeka? Si kuna mashamba yaliyoungua yakaja kutoa ngano kupita Aprili iliyo bora? Na jua likizama, si wekundu na weusi huoana angani? Ni ubeti mtamu kuliko yote kwangu. Ila mashahidi wake ni volkano, shamba na mbingu. Yeye mwenyewe hasemi atabadilika nini.

Ubeti wa mwisho ndio unaonitia baridi. Halii tena, hasemi tena. Atajificha pale kando amtazame akicheza na kutabasamu, amsikilize akiimba kisha akicheka. Amruhusu tu awe kivuli cha kivuli chake, kivuli cha mkono wake, kivuli cha mbwa wake. "L'ombre de ton chien." Mbwa mwenyewe hajawa, kawa kivuli cha mbwa.

Sasa hoja yangu, na ndiyo sababu ya uzi. Pitia beti zote tano unitafutie neno moja: samahani. Halimo. Kuna kusahau, kuna dhahabu, kuna mfalme, kuna volkano, kuna mbwa. Hakuna "nilikukosea", hakuna "nisamehe". Anaomba asiachwe bila kugusa sababu ya kuachwa. Kwangu mimi huu si wimbo wa mapenzi. Ni wimbo wa mwanaume mwoga anayelipa kila kitu isipokuwa deni lenyewe.

Na hayo siyo ya kwangu peke yangu. Brel mwenyewe alipata kusema kwamba huu si wimbo wa mapenzi, ni utenzi wa kuusifu uoga wa wanaume.

Karibuni.

---

chizi la bolingo

Nimeweka kambi. Na status yangu naifuta kimyakimya.

---

Mangi Mpole

Mleta mada umeandika vizuri ila hapo mwisho naona umemkaanga jamaa bure. Mtu kaachwa, analia, wewe unamkagua kama mhasibu. Mapenzi yakikubana utaahidi hata mwezi. Nani aliyewahi kubembeleza kwa ahadi za kutekelezeka? "Mpenzi usiniache, nitakulipia umeme wa LUKU kila mwezi"? Na hilo la uoga, waimbaji husema mambo mengi wakihojiwa. Wimbo ukishatoka si wake tena.

---

Binti Mwanakwerekwe

Mie namuunga mkono Mangi nusu. Nimeujua wimbo huu kwa Nina Simone, si kwa Brel. Yule mama wa Kimarekani aliuimba kwa Kifaransa hichohicho, upo kwenye albamu yake ya mwaka 1965, I Put a Spell on You. Anapouimba yeye sioni uoga hata kidogo. Naona mtu aliyechoka, anaomba kwa sauti ya chini, hashiki shati la mtu. Maneno ni yaleyale. Sasa hapo uoga umekwenda wapi? Kwa hiyo maana imo kwenye maneno au imo kooni mwa anayeimba?

---

Mzee wa Kaseti

Binti Mwanakwerekwe umenishika pabaya, na nakubali. Nina Simone anaupoza. Brel anafanya kinyume. Kuna ile video yake ya nyeusi na nyeupe, kamera imemkaribia mpaka uso umejaa kioo chote, jasho linamtiririka, macho yamejaa maji, na kila akirudia "ne me quitte pas" sauti inazidi kupungua. Mwisho ananong'ona. Unatamani ugeuze macho, kama umefungua mlango wa chumba ambacho hukualikwa. Yeye aliutaka uwe hivyo, uone haya kwa niaba yake.

Wanasimulia kwamba hata Édith Piaf, mwanamke aliyeimba machozi maisha yake yote, alisema mwanaume hapaswi kuimba vitu vya namna hii. Huo ndio wakati wenyewe. Mwaka 1959 wanaume jukwaani walikuwa wanaimba kutongoza, si kutambaa.

Mangi, la LUKU limenichekesha, ila naomba nikujibu: ningeachwa mimi, hiyo LUKU ningeianza kweli.

---

Mwl. wa Kakamega

Niruhusuni mimi wa darasani niingie, manake hapa tunachanganya mambo mawili.

Kwanza tutenge mshairi na nafsineni. Nafsineni ni huyu mwanaume anayesema ndani ya wimbo. Nafsinenewa, yaani anayeambiwa, ni mwanamke. Na jambo la kushangaza kuhusu nafsinenewa ni kwamba hatumjui kabisa. Hana jina, hana macho, hana nywele, hana tabia, wala hajapewa hata sentensi moja ya kujibu. Tunajua tu kwamba hucheza, hutabasamu, huimba na hucheka, na hayo yote tunaambiwa katika ubeti wa mwisho, wakati nafsineni amekwisha kukubali kujificha. Wimbo mzima wa kumwomba mtu, na mtu mwenyewe hayumo. Hilo linampa nguvu mleta uzi kuliko hata hiyo samahani.

Pili, toni. Angalieni inavyoshuka. Ubeti wa pili nafsineni ni mtoa himaya. Wa tatu ni msimulizi. Wa nne ni mtetezi. Wa tano ni kivuli. Kutoka mfalme hadi kivuli cha mbwa ndani ya dakika chache. Anayeshuka hivyo hashushwi na mtu mwingine, maana mwanamke hajafungua kinywa. Anajishusha mwenyewe, hatua kwa hatua, akisubiri ni hatua ipi itamtosha yule wa pili.

Tatu, umbo, ambalo wengi hawalitaji. Mishororo karibu yote ina mizani tano. Hesabuni: ne-me-quit-te-pas. Moi-je-t'of-fri-rai. L'om-bre-de-ton-chien. Sisi tuliozoea nane kwa nane tunajua mizani tano ni pumzi fupi. Huwezi kujenga hoja ndefu ndani ya mizani tano. Unaweza kusihi tu. Na ubeti unapofungwa kwa kiitikio kilekile mara nne mfululizo, ni mtu ambaye maneno yamemwisha akabaki na lile moja.

---

Dada wa Sinza

Mwalimu, like hazitoshi 🙌

---

Kadogo L'shi

Jambo ba ndugu. Miye niko Lubumbashi, Kiswahili yangu mutanisamehe.

Ile wimbo siye tuliikuta ku nyumba. Papa alikuwa na disque yake, na kama anaiweka, batoto bote kimya. Bantu bengi huku banaimbaka refrain tu, couplets hapana, hata benye kujua Français muzuri. Kwa hiyo si nyinyi tu, hata siye tunafanyaka vile ku mariage.

Kintu moja nataka kuongeza. Papa ya Brel, Romain, alitumikaka huku Congo wakati ya Babelge, mbele Jacques azaliwe. Nyuma alirudia Bruxelles, njo akaingia ku usine (kiwanda) ya carton, na Jacques naye alitumika mule ndani, ile usine ya famille. Alichoka. Mwaka 1953 akaacha yote, akaenda Paris na guitare. Bibi yake (mke) na batoto akabaacha Bruxelles kwanza.

Njo maana miye minasema hivi: ule muntu anaimba "usiniache", lakini mu maisha yake yeye njo alikuwa anaachaka.

---

Sauti ya Likoni

Kadogo, hiyo sentensi ya mwisho ningeiweka kichwa cha uzi. Na wacha kuomba radhi kwa Kiswahili chako, kisome hivyohivyo.

---

Mjumbe Asiye Posho

Ngoja kwanza. Naona harufu ya chai, yaani porojo. Mleta mada mbona hujaleta ushahidi kwamba jamaa alikuwa na kosa? Kuna mwanamke gani hapo? Usituletee umbea wa magazeti ya udaku ya Paris ya babu zetu.

---

Mzee wa Kaseti

Mjumbe, tuachane na udaku, tushike kalenda tu.

Brel alimwoa Thérèse Michielsen, wanayemwita Miche, mwaka 1950. Wakapata mabinti watatu: Chantal 1951, France 1953, Isabelle 1958. Wimbo ni wa 1959. Kitindamimba hajatimiza hata miaka miwili, na baba yuko Paris anamlilia mwanamke mwingine asimwache.

Mwanamke anayetajwa na karibu kila aliyeandika habari za wimbo huu ni Suzanne Gabriello, mwimbaji na mwigizaji, wenzake walimwita Zizou. Walijuana kwenye kumbi za muziki za Paris, wakawa na uhusiano wa miaka kadhaa huku Brel akiwa na ndoa yake Brussels. Ndoa hakuivunja. Miche aliendelea kuwa mke wake mpaka Brel anafariki. Zizou ndiye aliyechoka akaondoka.

Sasa urudie ubeti wa kwanza ukiwa na hilo kichwani. "Imetupasa kusahau." Tusahau nini? Tusahau "kwa nini". Kwa nini humwachi mkeo, kwa nini sikukuu unakwenda kwao, kwa nini mimi wa siku za kazi. Maswali yenyewe yalikuwa na jibu moja na alikuwa nalo mfukoni. Badala ya kulitoa akatoa lulu za mvua.

Mwalimu wa Kakamega atanikatalia, atasema nachanganya mshairi na nafsineni. Sawa. Lakini mshairi ndiye aliyesema uoga, si mimi.

---

Mwl. wa Kakamega

Sikukatalii. Nasema tu kwamba wimbo ungesimama hata kama Brel angekuwa kapera asiye na mtoto. Kutokuwepo kwa radhi kumo ndani ya maandishi, hakuhitaji cheti cha ndoa. Ukiegemea mno maisha ya mtunzi, siku akitokea mtu akathibitisha kwamba ulitungiwa mwanamke mwingine, uzi wako utaanguka. Ukiegemea maneno, hautaanguka.

---

Mzee wa Kaseti

Hapo umenishinda kwa haki. Nakazia.

---

Shangazi Zai

Hamjambo wanangu. Mie sijui Kifaransa, nimesoma tu mlivyofasiri, na nina neno.

Hicho kipande cha kivuli cha mbwa mnakiona unyonge. Mie nakiona mtego. Mwanaume akikwambia atakaa kimya, hatalia, atajificha pembeni akuangalie ukicheza na kucheka, hebu fikiri utachekaje na mtu kajificha nyuma ya pazia anakutazama? Utacheka kwa raha gani? Hiyo ni kukuwekea mlinzi ndani ya nyumba yako. Halafu siku utakayomkosea kidogo atakwambia: mie nilikubali kuwa kivuli cha mbwa wako. Unyonge wake utageuka deni, na mlipaji ni wewe.

Nimeyaona hayo kwa macho, si kwa wimbo. Anayekuja kupiga magoti barazani mbele ya majirani, mara nyingi hakupigii wewe, anawapigia wao. Aliyekosa akajua kakosa huja na mzee mmoja, anakaa, anasema nilifanya hili na hili, nimekosa. Basi. Wala hahitaji volkano.

---

Dada wa Sinza

Shangazi Zai umeua 😭😭

---

Binti Mwanakwerekwe

Shangazi, sikutarajia lakini umenigeuza. Nimerudi kumsikiliza Brel tena baada ya kusoma hilo la pazia. Kuna chombo kile kinacholia nyuma ya piano, sauti yake nyembamba inayoning'inia, nilidhani ni mwanamke anaimba. Ni nini kile?

---

Mzee wa Kaseti

Kinaitwa ondes Martenot, chombo cha umeme alichobuni Mfaransa Maurice Martenot, kilionyeshwa hadharani 1928. Piano ni ya Gérard Jouannest, aliyekuwa mpiga piano wa Brel miaka yote ile na aliyeshiriki kuutunga muziki wenyewe. Mpangaji wa muziki ni François Rauber. Ukisikia kile chombo kinapoingia, utaona vyombo vingine vimepunguzwa kabisa. Hawakutaka okestra kubwa imsaidie jamaa. Wamemwacha peke yake na aibu yake.

---

Mtoto wa Santuri

Mimi niliujua kwa Kiingereza, "If You Go Away". Kwa Frank Sinatra. Kumbe ndio huohuo? Mbona kule unasikika wa kistaarabu, hakuna mbwa hakuna nini.

---

Mzee wa Kaseti

Ndio huohuo kwa sauti, lakini si huohuo kwa maana. Maneno ya Kiingereza aliandika Mmarekani Rod McKuen, na kuanzia 1966 wakaupokea wengi: Damita Jo, Dusty Springfield, Shirley Bassey, na huyo Sinatra wako mwaka 1969.

McKuen kaubadili kwenye mzizi. Wa Kifaransa ni amri ya mtu anayezama: usiniache. Wa Kiingereza ni sharti: kama ukiondoka itakuwa hivi, lakini kama ukibaki itakuwa vile. Anayesema "kama" bado ana viti viwili vya kukalia. Brel hana hata kigoda. Ndiyo maana wa Kiingereza unaweza kupigwa hotelini watu wakila, ukawa muziki wa kushushia chakula. Wa Brel ukipigwa hotelini, kama kuna anayeelewa Kifaransa, uma utabaki hewani.

Brel mwenyewe aliurekodi pia kwa Kiholanzi, "Laat me niet alleen", mwaka 1961, maana kwao asili ni Waflemi ingawa walizungumza Kifaransa nyumbani. Halafu mwaka 1972 akaurudia kwa Kifaransa, sauti imeshakomaa. Mimi wa 1959 ndio naupenda. Ule wa 1972 unasikia mtu anayejua wimbo ni maarufu.

---

Mangi Mpole

Sawa, nimesoma yote, na bado nina la kusema. Mnamhukumu huyu jamaa kwa kutoomba samahani, lakini kautunga wimbo. Kaitoa aibu yake hadharani, kaiimba miaka kadhaa mbele ya maelfu ya watu, halafu akatamka kwa mdomo wake kwamba ni wimbo wa mwoga. Wangapi humu ndani tumewahi kujianika hivyo? Huo ndio usamahani wenyewe. Hakuuweka ndani ya wimbo kwa sababu mwoga hawezi kuusema, angeusema asingekuwa mwoga. Mtunzi alijua anachoficha. Kwa hiyo nafsineni mwoga, mtunzi jasiri. Mwalimu, nimefaulu?

---

Mwl. wa Kakamega

Mangi, umepata alama zote na za ziada.

---

Mzee wa Kaseti

Mangi, hii ndiyo hoja bora iliyoandikwa hapa, na inanitosha kwa upande wa mtunzi. Bado siupeleki ukumbini.

Na tukiwa kwenye mtunzi, tumalizie alichoanzisha Kadogo, habari ya kuacha. Mwaka 1966 alitangaza kuacha jukwaa akiwa kileleni, akaaga kwenye ukumbi wa Olympia wa Paris, na onyesho la mwisho kabisa likawa Roubaix, Mei 1967. Hajafika hata miaka arobaini. Akafanya sinema, akaendelea na urubani. Mwaka 1974 akapanda jahazi lake Askoy akakata maji mpaka Bahari ya Pasifiki, visiwa vya Marquesas, akiwa na Maddly Bamy, mwenzi wake wa siku za mwisho. Huko Hiva Oa akawa anarusha ndege yake ndogo, anawapelekea watu barua na kuwabeba wagonjwa. Saratani ya mapafu ikamrudisha Ufaransa, akafariki 9 Oktoba 1978, akazikwa Atuona, kulekule Hiva Oa, makaburi yaleyale alikozikwa mchoraji Paul Gauguin. Kabaki hukohuko mbali na Brussels, mbali na Paris.

---

Mjumbe Asiye Posho

Nafuta kauli ya chai. Ila swali: huyo Zizou alijibu? Maana kwetu pwani mtu akikuimbia hivi haupiti msimu, unapigiwa jibu.

---

Mzee wa Kaseti

Ndani ya wimbo hajapewa nafasi, kama alivyosema Mwalimu. Naachia wenye fani. Sauti ya Likoni, wewe si wa malenga?

---

Sauti ya Likoni

Mwanitafuta. Haya, mbili tu, nikiwa ferini nasubiri kuvuka. Mwanamke ndiye anenaye:

Lulu za mvua sitaki, wala dhahabu si mali,
Na kivuli hakipiki, hakinunui ugali,
Mfalme hafufuki, aliyekufa kwa mbali,
Umenena mengi kweli, samahani hujasema.

Umesema nisitoke, nikae nikusikize,
Una watoto na mke, nyumbani ukawapoze,
Na machozi yafutike, mwendo niache nikaze,
Umenena mengi kweli, samahani hujasema.

---

Shangazi Zai

Hakinunui ugali! Mwanangu Mungu akuweke.

---

Kadogo L'shi

Ile ya pili minaituma kwa dada yangu sasa hivi. Ataelewa.

---

Mwl. wa Kakamega

Mizani nimehesabu, "mfalme" umeifanya nne na inakubalika. Lakini "ukawapoze" umekilazimisha kina, ndugu yangu. Mke hapozwi.

---

Sauti ya Likoni

Mwalimu, lete yako.